Uzito wa Ulimi

Matangani utasikia marehemu akisifiwa hivi: hakuwahi kuwa mzigo kwa mtu. Watu wanaitikia kwa kichwa. Mimi siku hizi sifa hiyo naitilia shaka, na kilichonitia shaka ni trela.

Tangu niache chuo nakula kwa kuandikia wateja wa ng'ambo. Mmoja alitaka nieleze jinsi ya kupima uzito wa ulimi wa trela, zile nyumba ndogo za magurudumu ambazo Wamarekani huzifunga nyuma ya gari wakienda likizo. (Mimi sina hata baiskeli.) Ulimi ni ule mkono wa chuma wa mbele unaoshikana na gari. Uzito wake ni ule unaolikandamiza gari hapo.

Ungedhani trela nzuri ni ile isiyolilemea gari hata kidogo. Wapi! Inatakiwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikae kwenye ulimi. Trela ya kilo 2,000 ilemee kwa kilo 200 hadi 300. Ikizidi sana, gari linabonyea nyuma na magurudumu ya mbele yanapoteza mshiko. Ikipungua, trela inaanza kuyumba kushoto kulia kama mkia, na kwa mwendo mkali inaweza kuliangusha gari lenyewe. Mvuta mkokoteni anajua haya bila asilimia yoyote: magunia yakizidi nyuma ya ekseli, mikono inapaa naye akining'inia.

Sasa, mama yangu ana presha. Kwenye simu wimbo wake ni mmoja: niko sawa, msijisumbue. Mwaka jana alikaa wiki kadhaa bila dawa akingoja auze mahindi, juu hakutaka kutulemea mimi na dadangu. Tulikuja kujua akiwa wodini. Hapo hatukuwa tunazungumzia bei ya vidonge tena. Dada alikopa kwa simu, mimi nikauza kompyuta niliyokuwa nikifanyia kazi.

Najua mtaniuliza kuhusu yule mjomba anayebipu kila Jumatatu akitaka nauli. Huyo yuko, kila ukoo una wake, na amepita asilimia 15 zamani. Lakini mjomba tunamwona. Gari likibonyea nyuma, hata mpita njia anaona. Aliyejifanya mwepesi hatumwoni mpaka barabara iishe.

Kwa hivyo upimaje? Trela hupimwa mahali tambarare, ikiwa imepakiwa kama ya safari, maji na gesi ndani. Ukiipima tupu utapata namba tamu isiyo na maana, kama vile "uko aje" na "poa" zetu. Na kwa kuwa mizani ya kawaida ya nyumbani haiwezi kubeba ulimi wote, unalaza ubao: upande mmoja mizani, upande wa pili kiegemeo, ulimi ukae theluthi moja ya urefu kutoka kwenye kiegemeo. Mizani inabeba theluthi tu. Unatoa uzito wa ubao, kisha unazidisha kwa tatu. Ikisema 80, ni 240.

Mama akisema kichwa kinamgonga kidogo, mimi huzidisha kwa tatu na kupanda matatu. Dada anasema hiyo ni kumkosea heshima, ati mtu mzima ana haki ya kuficha maumivu yake. Hatujaelewana bado.