Wengi Wape: Hata Roho ya Mtoto?

Methali yetu yasema, "Wengi wape." Twaifundisha madarasani, na wanafunzi wetu huikariri bila ya kusita. Lakini je, wengi wapewe kila watakacho? Yafaa tuipime methali hii kwa hekaya moja ya India.

Katika jimbo la Odisha, karibu na pwani ya Ghuba ya Bengal, pana hekalu la Konark. Lilijengwa katika karne ya 13 kwa amri ya Mfalme Narasimhadeva wa Kwanza, kwa heshima ya Surya, mungu wa jua wa Wahindu. Lilichongwa kwa mfano wa gari lake, lenye magurudumu 24 ya mawe na farasi saba. Mnara mkuu umekwisha kuanguka, lakini ukumbi wa mbele ungali umesimama, na sanamu za Surya zingali kutani.

Wenyeji husimulia kwamba mafundi 1,200 walijenga kwa miaka 12, kisha wakashindwa kuliweka jiwe la kileleni. Mfalme akaapa kwamba kazi isipokamilika kwa siku aliyoitaja, watakatwa vichwa. Ndipo alipofika Dharmapada, mwana wa fundi mkuu Bishu Maharana, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa hajapata kumwona baba yake. Usiku ule akaliweka jiwe mahali pake. Mafundi wakafurahi, kisha wakaogopa: mfalme akijua kwamba mtoto ameweza lililowashinda, si atawaua vilevile? Mtoto akapanda kileleni, akajitupa baharini ili siri isijulikane.

Hekaya hii husimuliwa kumsifu mtoto, na sifa hizo ni haki yake. Sisi twauliza habari za wale 1,200. Atakuwapo wa kutujibu kwamba nao walikuwa na wake na watoto, na kwamba roho moja ni chache mbele ya roho elfu. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini si hukumu ya haki. Kipawa ni kipawa pale tu mtoaji anapoweza kukataa. Na mtoto aliyezungukwa na wazee wenye hofu atakataaje? Tena, katika watu wote wale hasimuliwi hata mmoja aliyekwenda kwa mfalme kusema kweli. Dhuluma ilikuwa ya mfalme na woga ulikuwa wa wazee, lakini aliyelipa ni mtoto.

Nasi walimu tusijione tu mbali na mafundi wale. Mwanafunzi akitusahihisha mbele ya wenzake, mara ngapi tumemnyamazisha ili heshima yetu isipungue? Huko nako ni kumsukuma kutoka kileleni, ijapokuwa haanguki baharini.

Wahenga waliosema "Wengi wape" ndio waliosema pia "Mkubwa ni jaa", yaani mkubwa ndiye wa kubeba mazito. Basi tuzifundishe methali hizi mbili pamoja. Wengi wapewe haki yao na sauti yao. Roho ya mtoto haimo katika fungu lao.