Mbona Tunapita kwa Nyanya?



Likizo ya Desemba ikikaribia, familia nyingi hufunga mizigo kwenda nyumbani mashambani. Leo nataka tujiulize swali moja: nyumbani ni kwa nani?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mimi nimezaliwa Kakamega na nafanya kazi Mombasa. Mke wangu ni wa Machakos. Kutoka Mombasa hadi Kakamega ni zaidi ya kilomita 800, safari ya usiku mzima na nusu ya siku inayofuata. Kwa miaka tisa tuliifanya kila Krismasi na watoto wetu, tukibeba sukari, majani ya chai na unga wa ngano. Na kwa miaka hiyo tisa, kabla ya kufika Nairobi, basi lilipita njia panda ya Machakos gizani. Watoto walikuwa wamelala. Mke wangu hakuwa amelala. Alitazama nje dirishani, wala hakusema neno.

Mwaka wa tisa binti yetu alikuwa macho. Akauliza, "Baba, mbona kwa nyanya wa Machakos tunapita tu?" Nikamjibu kwamba mwanamke akiolewa, nyumbani kwake ni kwa mumewe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo mimi nikiolewa nitakuwa nikikupita na wewe?"

Sikupata jibu hadi tulipofika Nakuru.

Tuyapime majibu tuliyozoea. La kwanza ni mila: mahari imetolewa, basi amekuwa wetu. Lakini mahari ni shukrani na undugu kati ya jamaa mbili. Undugu gani huo ambao upande mmoja hautembelewi? Tena amri ya nne ya Mungu, inayotuagiza kuwaheshimu wazazi, haikupewa wanaume peke yao. Nikimzuia mke wangu kuishika, je, mimi nimeishika? Nilikuwa nikimheshimu mama yangu kwa kutumia machozi ya mtoto wa mama mwingine.

Jibu la pili latoka katika Maandiko: wanaooana huwaacha wazazi. Ni kweli, lakini tusome vizuri kitabu cha Mwanzo, sura ya pili. Anayetajwa kuwaacha baba na mama ni mwanamume! Sisi tumeligeuza, mke ndiye aache, mume abaki mtoto wa kwao. Papa Fransisko, katika wosia wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aya ya 190, alifundisha kwamba wazazi wasitupwe wala kupuuzwa, lakini ndoa yadai waachwe ili nyumba mpya isimame. Kuacha si kutupa. Ni kusema kwamba sasa tunaamua sisi wawili, na tunawaheshimu wote wanne.

Jibu la tatu ni pesa, na hili si la kucheka. Nauli hupanda Desemba, na Januari karo inangoja. Huenda kweli hatuwezi kwenda kote. Lakini umaskini wa pesa hauamui ni wazazi gani watakaokosa kila mwaka. Hilo tunaliamua sisi.

Je, haki ni kugawa siku sawasawa? Sidhani. Mzazi mgonjwa ahitaji zaidi ya mwenye afya, na mjane aliye peke yake zaidi ya aliyezungukwa na wajukuu. Haki hutazama haja. Ila haja ya mkweo hutaijua kama hujawahi kufika kwake.

Mwaka uliofuata tulishuka njia panda ya Machakos, tukakaa siku nne. Mama mkwe alikuwa amepoteza nguvu za macho. Aliwatambua wajukuu kwa kuwagusa nyuso. Hapo niliona deni langu, na miaka tisa haina wa kunirudishia.

Kwa hiyo nawashauri hivi. Ketini wawili mapema, hata Oktoba, shule zikiwa hazijafungwa. Hesabuni nauli na zawadi za pande zote mbili waziwazi, pasiwe na bahasha ya siri. Mkikubaliana kwenda upande mmoja, kila mtu awaeleze wazazi wake mwenyewe. Mume asimwachie mkewe lawama kwa kusema, "Mama watoto amekataa." Na upande usiofikiwa Krismasi upangiwe Pasaka au Agosti, na ahadi itimizwe.

Maswali ya kuzungumza usiku huu, watoto wakishalala: Mara ya mwisho tuliwatembelea lini wazazi wa kila upande? Kuna njia panda gani ambayo mwenzangu huipita akinyamaza?

Mungu azibariki safari zenu, za kwenda na za kurudi.