Daftari la Zamani Halijui Kusifu

Katika nyumba nyingi za Meru na Embu, daftari la shule haliishi sana. Mwaka ukiisha, kurasa zilizosalia tupu huchanwa ziandikiwe hesabu za kahawa au majani chai, na zilizoandikwa huwashia moto au hufungia njugu. Machache hubaki ndani ya sanduku la bati lililorudi kutoka bweni. Hayo yanastahili kutunzwa, tena si kwa sababu yanaliwaza moyo. Yanastahili kwa sababu yanatubishia.

Tunahitaji wa kutubishia. Barazani Nkubu au Runyenjes, mtu mzima hakawii kusema kwamba sisi tulisoma kweli, hawa wa mtaala mpya wanacheza tu. Tunakumbuka matokeo ya KCPE, mtihani uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, na tumesahau miaka minane ya kukosea iliyoutangulia. Daftari halijasahau. Fungua insha ya darasa la sita: methali tatu zimepangwa mlangoni, jua linachomoza kwa maneno yaleyale ya wanafunzi wote, kisha mtoto anasafiri hadi Mombasa asikokujua hata kwa picha. Kahawa aliyoichuma Jumamosi haimo. R na l zinanyang'anyana nafasi, kama ilivyotarajiwa kwa mtoto anayezungumza Kiembu nyumbani, na kalamu nyekundu imepita juu ya kila kosa bila kueleza lolote. Huko ndiko kusoma tunakojivunia.

Lakini daftari hilo linamsuta pia anayedai kuwa masomo ya vitendo yaliletwa na mtaala wa umilisi ulioanza kote nchini mwaka 2019. Mfumo wa 8-4-4 wa miaka ya mwanzo ulifundisha na kutahini kilimo, sanaa na ufundi, na sayansi kimu. Watoto walichora matuta ya kuzuia mmomonyoko, wakapima nafasi kati ya miche. Mengi ya hayo yalipunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo tunayatangaza kana kwamba ni mageni.

Mtu atapinga kwamba yaliyosalia si ushahidi wa haki, maana mzazi huhifadhi daftari bora na kuchoma baya. Ni kweli, na hoja hiyo inanipa nguvu: ikiwa lililochaguliwa kwa fahari limejaa wino mwekundu, yaliyochomwa yalikuwaje? Wengine watasema maskini hatunzi karatasi anayoihitaji jikoni. Hilo silibishi, ndiyo maana sidai yote.

Pingamizi zito ni kwamba shule sasa zenyewe zinaweka jalada la kazi za kila mwanafunzi. Jalada lina manufaa yake, ila hukusanya kazi iliyoandaliwa ili itathminiwe, mara nyingine ikiwa na mkono wa mzazi aliyekesha akikata katoni na kubandika gundi. (Wazazi wanajuana.) Halina ukurasa uliofutwa mara tatu hadi ukatoboka, wala mchoro wa lori la miraa uliochorwa pembeni wakati wa hesabu. Kama nafasi sandukuni ni ya daftari moja tu, liwe la muhula wa pili, wa somo ambalo mtoto hakulipenda wala hakulichukia.