Nyuki Waliohama na Wenye Kuwapokea

Katika Sura ya 16 ya Kurani Tukufu, iitwayo An-Nahl, yaani Nyuki, Mwenyezi Mungu Anamtaja mdudu huyu mdogo na kutujulisha kwamba Yeye Mwenyewe ndiye Aliyemfunulia kazi yake. Wengi wetu tuifikapo sehemu hiyo twakimbilia asali na dawa iliyomo ndani yake. Leo naomba tusimame kidogo pale mwanzo. Amri ya kwanza aliyopewa nyuki si kula wala kutengeneza asali, bali ni kujipatia nyumba milimani, mitini na katika vile wanavyojenga wanadamu. Nyumba ikiisha kupatikana, ndipo aambiwapo ale matunda na kuzifuata njia za Mola wake. Utaratibu huo haukuwekwa bure, kwani nyuki asiye na nyumba hana pa kuiweka asali hata akipewa maua ya dunia nzima.

Na upo wakati ambapo nyuki kwa maelfu hawana nyumba kabisa. Hapa Uingereza, ninakofundisha katika chuo cha dini, wakati huo huja zaidi katika miezi ya Mei na Juni. Mzinga ukijaa, nyuki vibarua huwalea mamalkia wapya. Na kabla hao hawajatoka katika vyumba vyao, malkia mzee huondoka pamoja na nusu ya jamaa zake au zaidi. Hutua juu ya tawi lililo karibu, wakaning'inia pamoja kama kifuko, pengine nyuki elfu kumi na zaidi. Hilo ndilo bumba.

Tazameni adabu ya kuondoka kwao. Kila mmoja hujaza tumbo lake asali ya safari, lakini masega, majana na akiba iliyobaki huachiwa wale wasiohama. Nawaambia hayo hasa ndugu waliosilimu karibuni, ambao wazazi wao bado wamo katika dini ya zamani. Sura ya Luqman yafundisha kwamba mzazi akimshurutisha mwanawe kumshirikisha Mungu, asitiiwe katika jambo hilo. Lakini yafundisha pia kwamba mwana aendelee kukaa naye kwa wema katika mambo ya dunia. Mtu anayesilimu kisha akaacha kumjulia hali mama yake, ati kwa kuwa mama hakusilimu, hakulipata jambo hilo katika Kurani.

Bumba lile tawini halikulala. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, katika mji wa Munich uliobomolewa kwa mabomu, mtaalamu Martin Lindauer aliona nyuki wakicheza juu ya bumba, nao walikuwa wachafu: huyu ana masizi, yule ana vumbi jekundu la matofali. Mwalimu wake, Karl von Frisch, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alikuwa amekwisha kufahamu kwamba kwa mchezo wao nyuki huelezana mahali penye chakula. Lindauer akatambua kwamba hawa walikuwa wapelelezi waliotoka kukagua mabomba ya moshi na kuta zilizoanguka, wakitafuta nyumba. Thomas Seeley wa Marekani aliendeleza uchunguzi huo, akaona kwamba wapendelea uwazi wa kiasi cha lita 40, wenye mlango mdogo, juu kutoka ardhini. Kila mpelelezi hutoa habari ya alipopaona, na wenzake huenda kupakagua wao wenyewe kabla ya kukubali. Wapelelezi ishirini au thelathini wakikutana kwa wakati mmoja mahali pamoja, shauri limekatika. Na aliyeona mahali hafifu huacha mwenyewe kucheza.

Lakini asali ya safari yatosha siku tatu tu hivi. Mvua na baridi vikiendelea, bumba laweza kufa pale pale tawini. Na likiingia katika bomba la moshi la nyumba ya mtu, ugomvi huanza. Hapo ndipo ionekanapo kazi ya vyama vya wafugaji nyuki. Chama cha Wafugaji Nyuki cha Uingereza kiliundwa mwaka 1874, na vyama vya wilaya vilivyo chini yake vina orodha ya watu wanaojitolea kwenda kuchukua mabumba. Mwenye bustani hupiga simu. Huulizwa kwanza kama ni nyuki kweli au ni nyigu, wako juu kiasi gani, na wamekaa tangu lini. Maana bumba lililoshiba ni pole, na lililokaa siku nyingi na njaa huwa kali.

Mkusanyaji hutandika shuka nyeupe chini, hushika sanduku chini ya tawi, kisha hulitikisa tawi kwa nguvu mara moja. Sanduku hupinduliwa juu ya shuka, na ukingo wake mmoja huinuliwa kwa jiwe. Malkia akiwa ndani, nyuki husimama mlangoni, huinua matumbo yao na kupepea mbawa, na harufu yao huwaita waliotawanyika. Malkia akiwa bado tawini, wote hurudi juu, na kazi huanza upya. (Msomaji wa Tabora atasema kwamba kwao hutundikwa mzinga mtupu mtini, nyuki wakaja wenyewe. Ni kweli, naye asijaribu haya ya kutikisa matawi bila ya vazi la kazi, kwani nyuki wa Afrika ni wakali zaidi.)

Baadaye bumba huwekwa peke yake kwa muda, likaangaliwa ugonjwa wa kuoza majana na utitiri uitwao varoa, ulioonekana Uingereza mara ya kwanza mwaka 1992. Likiwa zima, mara nyingi hupewa mwanachama mpya asiye na nyuki. Hapewi asali, hapewi hata sega. Nyuki wenyewe hujenga nta kwa bidii ya ajabu wakipewa pahali pakavu.

Watu wa Madina waliwapokea hivyo Waislamu waliohama kutoka Makka mwaka 622. Mtume Mtukufu s.a.w. alipowafunga udugu, Saad bin Rabi r.a. alitaka kumpa Abdur-Rahman bin Auf r.a. nusu ya mali yake. Abdur-Rahman alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko tu, na akarudi na jibini na samli aliyoichuma. Yeye alihitaji ndugu na mlango, si kulishwa. Sisi leo twafurahia sana siku mtu anaposilimu, picha zikapigwa, kisha Ijumaa ya tatu hapana amwulizaye analala wapi wala kama ndugu zake wamemfukuza. Huyo bado yuko tawini, na asali yake ni ya siku tatu.

Nawe unayesoma gazeti hili huku ukiwa bado wachunguza, usihimizwe na mtu kukubali usichokikagua. Mkusanyaji anayeijua kazi yake halichukui sanduku saa nane mchana, ingawa bumba limekwisha kuingia, kwa sababu wapelelezi wangali mbali, nao wakirudi watakuta tawi tupu. Hulitia kivuli, akaliacha hapo juu ya shuka, jiwe likiushikilia mlango wazi, akaenda zake. Mwezi wa Juni jua la huku huzama baada ya saa tatu usiku. Wakati huo ndipo arudipo kulifunga.