Ujira wa Anayejifunza

Kwa miaka mingi sisi wa Kigoma na Ujiji tulitegemea umeme wa jenereta za dizeli. Kisha mkoa wetu uliunganishwa na gridi ya taifa, na umeme ukaanza kutufikia kwa nyaya kutoka mbali. Umeme huo husafiri ukiwa na nguvu ya kutisha. Kituo cha kupoza umeme huipunguza, na transfoma za mitaani huishusha tena hadi volti 230 za nyumbani. Fundi wa kituo hicho hafundishwi darasani tu. Mwanagenzi hukaa chuoni kwa muda na kazini kwa muda, chini ya fundi mzoefu, huku akilipwa kidogo.

Mzee mmoja wa usharika alituuliza: "Kwa nini alipwe mtu ambaye bado hajui kazi?" Yeye alijifunza useremala miaka mitatu, akifagia karakana na kubeba mbao bila kupewa hata senti. Hatukuwa na jibu.

Jibu tulilipata kwa aibu. Kijana wetu mmoja, ambaye mama yake huanika dagaa Kibirizi, yuko katika uanagenzi huo. Siku mbili kabla ya Krismasi umeme ulikatika kanisani. Sisi wa baraza, mchungaji akiwemo, tukamwomba apande nguzo atengeneze, tukamwahidi shilingi 30,000. Akasema, "Baba Mchungaji, nisameheni. Sijaruhusiwa kugusa laini hiyo. Nitawapigia simu wanaohusika." Tulinung'unika, tukamwona ana maringo. Ibada ya mkesha tuliifanya kwa mishumaa.

Baadaye alitueleza anachofundishwa. Kabla ya kugusa kifaa, fundi hukata umeme, hufunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, huning'iniza kibao cha onyo, hupima kuhakikisha umeme haupo, kisha huunganisha nyaya na ardhi. Ufunguo hukaa kwake. Hatua moja ikirukwa, mtu anaweza kufa. Hapo tukaelewa kwamba tulikuwa tumemwomba awe kishoka, tena kwa jina la kanisa.

Je, kama asingelipwa kabisa, na mama yake anadaiwa? Hatusemi kwamba maskini hawezi kukataa, wengi hukataa. Tunasema kwamba hatuna haki ya kumweka mtu katika jaribu hilo. Kila Jumapili tunamwomba Mungu asitutie majaribuni. Basi na sisi tusiwatie wenzetu.

Torati inaagiza ajengaye nyumba aweke ukingo kwenye dari, mtu asianguke akafa (Kumbukumbu 22:8). Kitabu hichohicho kinaagiza maskini alipwe ujira wake kabla jua halijatua (24:15). Tumezoea kuyasoma maagizo haya mbalimbali. Kwa mwanagenzi yanakutana: ujira wake ni sehemu ya ukingo. Asiyelala njaa, asiyekesha kwenye vibarua, hujifunza kwa utulivu, na jirani hulala salama.

Martin Luther alifundisha kwamba wito wa Mungu hauko madhabahuni peke yake. Mungu humtunza jirani yetu kwa mikono ya watu walio kazini. Mikono hiyo haianzi kuwa ya Mungu siku ya kupokea cheti. Ya mwanagenzi ni yake pia.

Tulipomweleza mzee wetu haya, alisema useremala ulimfunza subira. Ni kweli, na fundi bila subira ni hatari. Lakini subira aliifunzwa na mbao na randa, si na njaa. Njaa ilimwondolea wenzake wawili, walioacha kazi kabla hawajaiva.

Tuanze kwetu. Fundi anayejenga nyumba ya mchungaji ana vijana wawili wanaojifunza kwake, na hatujawahi kuuliza wanapata nini jioni. Wiki hii tutauliza. Nawe mwenye gereji, cherehani au mtumbwi, muulize kijana wako.