Ng'ombe Mzee na Kiazi Kizima

Hapa Goma wengine huuliza: je, yatupasa kujisumbua kwa ng'ombe mzee asiyetoa maziwa tena? Kumchinja si dhambi. Kanisa laruhusu kula nyama. Lakini maadamu twamfuga, chakula chake kimo mikononi mwetu. Meno yake yamekwisha. Ukimtupia kiazi kizima hukimeza bila kutafuna, nacho chaweza kukwama kooni. Hapo hewa ya tumboni hukosa njia ya kutoka. Mate humtiririka, tumbo lavimba, naye aweza kufa upesi. Kinga yake ni kisu tu: tumkatie viazi vipande vidogo.

“Na maskini je?” Swali ni la haki, katika mji uliopokea watu wengi waliokimbia vita. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2418, yakataza kumtesa mnyama bure, tena yasema haifai kumtumia mnyama fedha iliyopasa kwanza kuwaondolea watu shida. Twaona maneno haya mawili hayagombani. Kisu hakimnyang'anyi maskini kitu. Chataka dakika chache za jioni. Ila mganga wa mifugo akidai fedha nyingi, na jirani analala njaa, hapo afadhali ng'ombe achinjwe, jirani apate nyama.