Mpiganaji wa Kweli katika Pambano la Kupangwa

Mieleka ya kulipwa ni onyesho la mapigano ambalo mshindi wake hupangwa kabla ya kengele kulia. Wengi wanaoicheza hawajawahi kupigana kwa ushindani. Wengine hutoka kwenye ngumi, judo au mapigano mchanganyiko ya MMA. Hao wa pili huibua swali zito la maadili: mtu aliyezoea kushinda kwa uwezo wake anapokubali kushindwa kwa mapatano, je, amesema uongo?

Mfano mmojawapo ni Matt Riddle wa Marekani. Alipigana katika UFC, kampuni ya mapambano ya MMA, kati ya 2008 na 2013, akajifunza mieleka katika shule ya Monster Factory, New Jersey, na mwaka 2015 akaanza kupanda ulingoni kwa mapromota wadogo, miguu peku, akitumia kabali na mbinu za kukunja viungo alizotoka nazo MMA. Mwaka 2018 alisajiliwa na WWE, kampuni kubwa ya mieleka.

Mwanateolojia Augustino wa Hippo, katika andiko lake kuhusu uongo la mwaka 395 hivi, alifundisha kwamba uongo hukaa katika nia ya kudanganya. Kabla ya hapo, katika *Soliloquia*, alimtaja Roscius, mwigizaji wa Roma ya kale: alipoigiza Hekuba, malkia wa Troya, alikuwa Hekuba wa uongo, lakini kwa kufanya hivyo alikuwa mwigizaji wa kweli. Mwanamieleka naye ni hivyo hivyo. Mwaka 1989 kampuni ya WWF, ambayo leo ndiyo WWE, ikitaka kuepuka usimamizi wa tume ya michezo ya New Jersey, iliwaeleza wazi viongozi wa jimbo hilo kwamba inauza burudani, si mashindano. Mtazamaji anajua anacholipia. Bondia anayeuza pambano ndiye mdanganyifu, kwa kuwa ameahidi ushindani na kuunyima. Tendo la kupanga matokeo ni lile lile. Ahadi iliyotolewa kwa watazamaji ndiyo inayolifanya kuwa halali au haramu.

Plato, mwanafalsafa Mgiriki, angepinga. Katika *Jamhuri* aliuona uigaji wa washairi kuwa uko mbali na ukweli, akasema kwamba huchochea hisia badala ya akili. Roland Barthes, Mfaransa aliyeandika kuhusu mieleka mwaka 1952, aliona kwamba mtazamaji haulizi kama pambano ni la haki. Anachotaka ni kuona mateso, kushindwa na hukumu vikionekana waziwazi. Hoja ya Barthes inaeleza raha ya mtazamaji, lakini haigusi wajibu wa anayepigana. Wajibu huo unaonekana katika mbinu yenyewe.

Chukua mkunjo wa mkono. Mpiganaji hulala chali, huubana mkono wa mwenzake katikati ya mapaja, kisha huinua nyonga hadi kiwiko kinyooke kupita kiasi. Katika MMA huendelea mpaka mpinzani apige kofi mkeka au mwamuzi aingilie. Katika mieleka lazima asimame kabla ya kano kuumia, huku ukumbi mzima ukiona kana kwamba hajasimama. Anayeujua mkono unavyovunjika ndiye anayejua pa kuishia. Kwa hiyo ujuzi wa kuumiza haupotei. Unageuzwa kuwa ujuzi wa kulinda. Na mwenzake, aliyemkabidhi kiwiko chake kwa hiari, ameweka amana.

Mpaka kati ya onyesho na ushindani ulisogezwa karibu zaidi Aprili 2018 huko New Orleans, katika onyesho la Bloodsport lililobeba jina la Riddle. Kamba za ulingo ziliondolewa, na ushindi ulipatikana kwa kumwangusha mtu asiweze kuendelea au kumlazimisha kusalimu amri. Sura ya pambano ilikaribia kabisa ushindani halisi, na uzito wa amana ukaongezeka kwa kadiri hiyo hiyo.

Jibu basi ni kwamba mpiganaji aliyeingia mieleka hasemi uongo kwa kukubali kushindwa. Uongo ungeingia kama angevunja mapatano na kumwumiza kwa makusudi mtu aliyemwamini, hata kama kwa kufanya hivyo angethibitisha kwamba yeye ndiye mwenye nguvu zaidi. Ukweli wa matokeo ameuacha kwenye MMA. Ukweli wa ahadi hauachi, na kadiri mikono yake inavyoweza kudhuru ndivyo ahadi hiyo inavyomdai zaidi.